Jina la Aliyemlisha Babu

Babu yangu hakula maini ya mbuzi hata siku moja. Nilipokuwa mtoto pale Chamwino nilimwona akiyasogeza kando kimya kimya, nasi wajukuu tukiyagombania. Nilidhani hayapendi tu.

Sisi Wagogo husema kila mtu ana mbeyu, yaani ukoo. Neno lenyewe maana yake ni mbegu. Kila ukoo una muzilo wake, mwiko ambao mtoto huurithi kwa baba. Nilipostaafu nikaanza kuandika habari za ukoo wetu, na hapo jambo moja likanitatiza: wazee wote wenye jina letu hula maini.

Nikamwendea shangazi, binti wa babu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, baba yangu aliletwa."

Aliletwa wakati wa Mtunya, njaa kuu ya mwaka 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Halafu mvua ikakosekana. Inakadiriwa kuwa Wagogo 30,000 kati ya 150,000 walikufa. Jioni moja mama mmoja alimwacha mwanawe kwa mzee aliyekuwa bado na akiba ya uwele, akapewa nafaka kidogo ya safari, akaenda zake. Hakurudi. Neno lake la mwisho kwa mtoto lilikuwa kwamba asile maini.

Miaka ikapita. Karani wa kodi alipomwuliza, "Mwana wa nani?" babu alitaja jina la mzee aliyemlisha. Karani akaandika. Shule ikamwandikia baba yangu jina hilo hilo, nami nikaandikwa hivyo, na wanangu vile vile.

Nakiri kwamba niliumia. Shamba tunalolima ni la mzee yule, na wajukuu zake wa damu wapo. Nikamwuliza shangazi, "Kumbe jina hili si letu?"

Akanitazama. "Yule mzee alikuwa na watoto wake, na njaa ilikuwa ya wote. Unadhani alipunguza chakula cha nani ili baba yangu ale?"

Sikuwa na jibu.

Jina sikulibadili. Ila tangu siku ile, maini yakiletwa nayasogeza kando. Wajukuu huyagombania kwanza, ndipo huniuliza sababu.