Mazoezi na Shabaha

Mazoezi ni neno jepesi kutamkwa na zito kutendwa. Watu wengi hudhani ya kuwa mtu akirudia jambo mara nyingi hana budi kulijua. Dhana hii ina nusu ya kweli, na nusu ya kweli aghalabu huponza kuliko uwongo mtupu, kwa sababu uwongo hukimbiwa, lakini nusu ya kweli hukaribishwa nyumbani. Methali yasema kwamba bandu bandu huisha gogo. Gogo huisha kweli, lakini kwa shoka linalorudi penye mkato. Shoka linaloangukia kila mahali huchubua maganda na kumchosha mkataji, na jua likichwa gogo hubaki gogo.

Mchezo wa gofu waonyesha jambo hili waziwazi. Katika uwanja wa kufanyia mazoezi, mchezaji husimama mahali pamoja, kikapu cha mipira kando yake na nyasi pana mbele yake. Hapana shimo la kuutia mpira, wala mchanga wa kuumeza, wala mti wa kuuzuia. Huchukua fimbo aipendayo, hupiga, na kabla mpira haujatua huwa amekwisha kuuvuta wa pili. Kikapu huisha upesi. Mipira kumi ya mwisho huenda vizuri, naye hurudi nyumbani akiamini kwamba amejifunza. Siku ya shindano fimbo ile ile humkana. Sababu yake si uchawi. Shindanoni mpira haupigwi mara hamsini mfululizo kwa fimbo moja. Hupigwa mara moja. Kisha mchezaji hutembea, hungoja, hubadili fimbo, na pigo lililoharibika halifutwi katika hesabu. Mtu huyu alizoea jambo moja, akatahiniwa kwa jambo jingine.

Mwenyeji wa Karatu hahitaji kwenda mbali kuona mazoezi ya namna nyingine. Kutoka ukingo wa Ngorongoro, ulio juu kiasi cha mita 2,300, nchi hushuka kupita mashamba ya Wairaqw mpaka bonde kavu la Ziwa Eyasi, makao ya Wahadzabe. Huko mtoto wa kiume hupewa upinde mdogo angali mdogo yeye mwenyewe, na kulenga shabaha ni mchezo wake wa kila siku. Lakini mshale hauji kwa vikapu. Umechongwa, umenyoshwa, umetiwa manyoya. Aliyeuachia hana budi kuufuata na kuuokota. Katika hatua hizo za kuufuata mna elimu kubwa. Mpigaji huona ulipoangukia, hukumbuka alivyovuta upote, na hurudi akiwa na jambo la kusahihisha. Umaskini wa mishale humpa kile ambacho wingi wa mipira humnyang'anya mcheza gofu, yaani nafasi ya kufikiri kati ya pigo na pigo.

Mwaka 2002 wataalamu wawili, Nicholas Blurton Jones na Frank Marlowe, walitangaza matokeo ya kuwapima Wahadzabe kwa kazi kadha, na kulenga shabaha kwa upinde ilikuwa mojawapo. Waliwalinganisha watu walioishi porini maisha yao yote na watu waliopoteza miaka ya mazoezi kwa kukaa katika shule ya bweni. Waliokwenda shule hawakuonekana kuwa duni. Kulenga shabaha si kuwinda, kwa kuwa mwindaji hutakiwa kujua nyayo, upepo na tabia za wanyama, na matokeo haya hayasemi kwamba mazoezi ni bure. Husema tu kwamba hesabu ya miaka peke yake si kipimo cha ustadi.

Zamani kidogo, mwaka 1979, John Shea na Robyn Morgan wa Marekani walikuwa wameonyesha jambo linalofanana na hilo. Waliwafundisha watu miendo mitatu ya mkono. Kundi moja lilirudia mwendo wa kwanza mpaka mwisho, ndipo likashika wa pili, kisha wa tatu. Kundi jingine liliichanganya. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilipendeza zaidi. Lilipofika jaribio la baadaye, kundi la pili ndilo lililokumbuka vizuri zaidi. Hapa pana onyo kwa kila mwanafunzi, awe wa gofu, wa hesabu au wa lugha. Wepesi wa mazoezi huweza kuwa udanganyifu, na ugumu wake huweza kuwa ndio mafunzo yenyewe.

Achukuliwe kwa mfano kijana wa Karatu aliyeupenda mchezo wa gofu. Uwanja wa Gymkhana wa Arusha uko mbali naye kwa kilomita zipatazo 140. Nauli ni fedha, na siku ya safari ni palizi iliyoachwa. Kijana huyu hana haki ya kupoteza hata mpira mmoja. Kabla ya kuondoka nyumbani na aandike jambo moja analotaka kulitengeneza. Mambo mawili ni mengi. Mipira michache ya kwanza iwe ya kuuamsha mwili. Sehemu inayofuata iwe ya jambo lile moja, polepole, kila mpira ukiwa na bendera au mti wa kulengwa. Nusu iliyobaki na aipige kana kwamba yumo shindanoni: fimbo moja isishikwe mara mbili mfululizo, shabaha ichaguliwe kabla mguu haujasogea, na jicho lifuate mpira mpaka utulie. Kisha aandike yaliyotokea. Mwili ukichoka aache, hata kama mipira imebaki, maana mwili uliochoka hujifunza uchovu. Siku nyingine zote ua uliofagiwa na kikombe kilicholazwa chini vyatosha, kwani sehemu kubwa ya mapigo ya gofu hupigwa karibu na shimo, na mapigo hayo hayahitaji nauli.

Huenda mtu akauliza kama taabu yote hiyo ina malipo. Karatu yenyewe ina jibu. Huko ndiko alikozaliwa Filbert Bayi mwaka 1953. Mbio za mita 1,500 mara nyingi hukimbiwa kwa kuviziana, kila mtu akijificha nyuma ya mwenziwe mpaka mzunguko wa mwisho. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Christchurch mwaka 1974, Bayi alishika mbele tangu mwanzo na hakupitwa mpaka mwisho. Alitumia dakika 3 na sekunde 32.2, akaivunja rekodi ya dunia ambayo Jim Ryun aliiweka mwaka 1967. John Walker wa New Zealand, aliyemfuata, naye aliipita rekodi ile ya zamani. Ujasiri wa namna hiyo hauzuliwi siku ya shindano. Hulelewa kabla.

Dunia ilingoja wawili hao wakutane tena Montreal mwaka 1976. Hawakukutana. Tanzania na nchi nyingi za Afrika zilijitenga na michezo ile, kwa kuwa New Zealand iliruhusiwa kushiriki ilhali timu yake ya raga ilikuwa ikizuru Afrika Kusini ya ubaguzi. Walker alishinda, Bayi hakukimbia. Je, mazoezi ya miaka ile yalipotea? Mtu ahesabuye faida kwa nishani peke yake hana budi kujibu kwamba yalipotea. Lakini miguu ile haikupotea, wala moyo ule. Mwaka 1980 huko Moscow Bayi aliingia mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Aliongoza kama ilivyokuwa desturi yake, akapitwa na Bronisław Malinowski wa Poland katika mzunguko wa mwisho, akapata nishani ya fedha. Baadaye alianzisha shule.

Shindano liko katika mikono ya watu wengi: waamuzi, serikali, hali ya hewa na majaliwa. Mazoezi yamo katika mkono wa mtu mwenyewe. Kwa hiyo mshale mmoja uliolengwa, ukafuatwa na kuokotwa, wamfaa mpigaji kuliko kikapu kizima cha mipira iliyotupwa nyasini.