Mtoto Aliyefichwa Uani

Kila mwaka nifundishapo ngeli za majina, hufika mahali ambapo watoto hucheka. Nawaagiza wataje majina ya ngeli ya KI-VI, nao hutaja kiti, kisu, kikapu, kijiko. Kisha mmoja husema kipofu, na wa pili kiziwi, na wa tatu kiwete. Ndipo nauliza: Je, watu hawa wamefikaje katika kundi la vyombo? Kicheko hukoma. Lakini tazameni jinsi sarufi yenyewe ilivyo na adabu kuliko sisi. Hatusemi "kipofu kimekuja" kama tusemavyo "kiti kimevunjika". Twasema "kipofu amekuja". Jina limevaa nguo ya kitu, bali kitenzi chamrudishia utu wake. Siku hizi wengi hupenda kusema mlemavu, au mtu mwenye ulemavu, au asiyeona, nami nawasifu. Ila neno jipya katika nyumba yenye desturi zilezile ni chokaa juu ya ukuta unaovuja.

Nasema hayo kwa sababu ya mtoto wa kaka yangu mkubwa. Sisi tu watu wa Kasaji, mji mdogo wa eneo la Dilolo, juu ya njia ya reli itokayo Kolwezi kwenda mpaka wa Angola. Binti huyo ana miaka 11. Alipokuwa wa miaka miwili alishikwa na homa, na baada ya siku chache miguu yake ikalegea, wala haikupata nguvu tena. Hakuna daktari aliyemwandikia cheti. Jamaa wengine walisema ni mkono wa mtu, na kama ilivyo desturi mbaya ya kwetu, mtu huyo akatafutwa kati ya ndugu za mama yake. Shemeji yangu alinyamaza. Kaka akajenga ua wa nyasi nyuma ya nyumba, na mtoto akakaa humo.

Kuhusu ugonjwa wa polio, yafaa wazazi wajue jambo moja ambalo huwachanganya wengi. Tarehe 25 Agosti 2020 ilitangazwa kwamba Afrika imekwisha kuondokana na virusi vya asili vya polio. Hata hivyo, kuna virusi vya namna nyingine. Vyatokana na vile vilivyodhoofishwa ili kutengeneza chanjo ya matone, navyo, vikizunguka muda mrefu kati ya watoto wasiochanjwa, huweza kurudia ukali wao. Namna hiyo ilizuka mwaka 2017 katika mkoa jirani wa Haut-Lomami. Mtu asije akasema basi chanjo ndiyo adui! Mahali walipochanjwa watoto wote, virusi hivyo havina pa kukaa.

Nirudi uani. Mjini mwetu kipo chama kidogo cha wazazi wenye watoto walemavu. Hakina gari, wala ubao wa jina mlangoni, wala mlango. Kazi yake ya kwanza ni kutafuta, kwa kuwa mtoto aliyefichwa haandikwi katika daftari lolote. Mwanachama mmoja, mama auzaye samaki wakavu nyumba kwa nyumba, alisikia sauti ya mtoto nyuma ya ua ikitaja jedwali la kuzidisha, mara saba, mara nane, bila kukosea. Alikuwa amelishika kwa kuwasikiliza kaka zake wakikariri jioni. Mama yule aliweka beseni lake chini, asiondoke mpaka alipoonyeshwa mwenye sauti.

Chama kilipokuja rasmi, kaka aliniita niwe upande wake.

"Mdogo wangu," akasema, "wewe umesoma. Nikimtoa nje, watu watasema nini?"

"Yaya," nikamjibu, "watu wamekwisha kusema. Sasa wamechoka, wanasema mambo mengine."

Hakupenda jibu lile. Aliwaza wiki tatu. Kilichomlainisha, nadhani, si maneno yangu, bali baba mmoja wa chama ambaye alikuja peke yake, akaketi, akala bukari na sombe, akasimulia habari za mwanawe kama mtu asimuliavyo habari za shamba, bila kulia na bila kuhubiri. Hapo nataka kusema neno juu ya methali yetu, Hujafa hujaumbika. Ni methali ya kweli, walakini sikuipenda kamwe inavyotumiwa. Huwatisha wazima ili wawe wapole: mheshimu kilema, usije ukawa kama yeye. Baba yule hakuitaja, akamshinda kaka.

Mafundi wa baiskeli walimtengenezea binti kiti cha magurudumu matatu chenye kuendeshwa kwa mikono. Chuma kilikuwa kizito, na mchanga wa njia zetu ni mwingi, hivyo wakati wa kiangazi kaka zake husukuma zaidi kuliko yeye anavyozungusha. Shuleni alipokewa. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali ya Kongo ni ya bure, na udhuru wa karo haukuwapo tena. Mlangoni ilimwagwa saruji badala ya ngazi mbili. Sisi sote tukafurahi, tukadhani kazi imekwisha.

Kumbe! Mwalimu wake wa kike ndiye aliyetambua kwamba mtoto hanywi maji, hata katika joto la Oktoba, wenzake wanapogombania kikombe. Alimwita kando akamwuliza. Binti akajibu kwa sauti ndogo: "Nikinywa, nitakwenda wapi?" Nalikwenda kukitazama choo cha wasichana baada ya saa za masomo. Kizingiti kirefu, mlango mwembamba, sakafu yenye maji na tundu katikati. Mtoto atembeaye kwa mikono hulazimika kuweka viganja vyake pale ambapo wengine huweka nyayo zao. Wageni huja, hupiga picha ya mtoto mlemavu aliyeketi dawatini, na huondoka wameridhika. Hakuna apigaye picha ya choo.

Misaada mikubwa ipo, wala siidharau. Bukavu kuna kituo cha Heri Kwetu cha jimbo kuu, na Goma kuna kile cha Shirika la Umoja. Vyote viwili vimewapa miguu ya bandia watu waliojeruhiwa vitani, kwa msaada wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Huko Kinshasa, mwaka 1998, kilianzishwa chama kiitwacho Debout et Fier, maana yake kusimama kwa fahari. Vijana waliopooza kwa polio hukaa katika nyumba zake wakati wa matibabu, husoma shule za jirani, na wengi wa mafundi wanaowatengenezea vyuma vya miguu huvaa vyuma wenyewe. Fundi wa namna hiyo hahitaji kuambiwa mahali panapouma.

Lakini mtoto hukua, na chuma hakikui naye. Baada ya muda si mrefu lazima kirefushwe au kibadilishwe, na ndiyo sababu karakana iliyo mbali haimfai mtoto sana. Kutoka kwetu mpaka Kolwezi ni zaidi ya kilomita 200, na wakati wa mvua barabara hugeuka matope. Mwishoni mwa mwaka 2023 shaba ya Kamoa-Kakula ilisafirishwa kwa majaribio juu ya reli yetu hata bandari ya Lobito. Shaba imekwisha kuiona bahari. Binti yetu hajaiona Kolwezi.

Wenzetu wa Dar es Salaam waliligundua jambo hili mapema. Hospitali ya CCBRT, ambayo kazi yake ilianza mwaka 1994, iliwatibu bure wanawake wenye fistula, na bado wengi hawakuja, kwa kuwa hawakuwa na nauli. Ndipo mwaka 2009 ikaanza kutuma nauli kwa simu, kwa njia ya M-PESA, kwa mtu wa kuaminika kijijini ambaye humpandisha mgonjwa basi. Nchini kwetu tunayo sheria nzuri ya tarehe 3 Mei 2022 ya kulinda na kukuza haki za watu wanaoishi na ulemavu. Naisoma kwa furaha. Haina nauli ndani yake.

Mwezi uliopita chama kilihesabu fedha kilizokusanya kwa muda wa miezi saba. Zilitosha kwa jambo moja tu: ama kumpeleka binti Kolwezi akapimwe miguu, ama kujenga choo chenye mlango mpana, kiti, na vyuma vya kushikilia. Shuleni wako watoto wengine wanne wenye shida kama yake. Kaka, ambaye zamani alijenga ua, sasa alisimama akitetea safari kwa sauti kubwa, na nani angemlaumu? Mimi nalipendelea choo. Mabishano yalikuwa makali, hata mwenyekiti, mama yule wa samaki, akasema mbona tunagawana miguu ya mtu ambaye hayupo. Akaitwa. Aliwasikiliza wote, akasema, "Choo," kisha akaomba ruhusa arudi kumaliza hesabu zake.

Shimo limekwisha chimbwa, na fundi amepima mlango, sentimita 90. Kaka hakusema nami kwa siku mbili. Siku ya tatu alikuja na mbuzi wawili wauzwe kwa ajili ya safari, barabara itakapokauka, na akaniomba niandike barua kwa daktari wa Kolwezi kuuliza siku ya kupokewa. Nimeiandika, itaondoka kwa lori la Jumamosi.