Nauli ya Mtoto Mgonjwa

Neno ninalotaka kulieleza hapa ni la aibu kwangu, lakini nimeona heri kulitoa kuliko kulificha, kwa maana huenda likamfaa mtu mwingine aliyechaguliwa kuwa mweka hazina wa mchango.

Mimi ni karani wa chama cha maziwa huku Kinangop. Mwezi wa Mei, mwaka 2013, jirani yetu mmoja, mama mjane anayeishi kwa kibarua cha mashamba ya viazi, alijifungua mtoto wa kiume ambaye nyayo zake zote mbili zilikuwa zimegeukia ndani. Kilema hiki si laana, wala hakiletwi na tendo la mama. Humpata mtoto mmoja hivi katika kila elfu wanaozaliwa, na wavulana hupatwa zaidi. Tena kina tiba. Daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Iowa huko Marekani, alionyesha ya kuwa mguu wa mtoto mchanga waweza kunyoshwa polepole kwa mikono, kisha ukafungwa plasta. Kila juma plasta hufunguliwa, mguu ukanyoshwa tena kidogo, ukafungwa upya, mara tano au sita hivi. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

Basi mwezi wa Julai tulifanya harambee, tukapata shilingi 29,000. Katika hizo, 11,500 zilikwenda kwa hema, viti, kipaza sauti, chai na mandazi. Zile 17,500 zilizobaki nilizipeleka mimi mwenyewe hospitalini Kijabe, nikapewa stakabadhi, nikaisoma mbele ya watu, wakapiga makofi. Mama hatukumpa hata senti moja mkononi. Tulisema kwamba hivyo ndivyo fedha za watu zinavyolindwa.

Haukupita muda mrefu, habari zikaenea kwamba mama yule ameacha kwenda hospitali, na ya kuwa amezilowesha plasta majini akazibandua mwenyewe. Watu walinung'unika sana. Nami nakiri kwamba nilisema penye mizani ya maziwa, mbele ya watu wengi, ya kuwa mtu asiyemjali mtoto wake hasaidiki.

Jumapili moja nikaenda kwake ili kumkaripia. Nilimkuta amempakata mtoto, na nyayo zimeanza kurudi zilivyokuwa. Hakunijibu kwa hasira. Alisema, "Bwana Karani, fedha ziko Kijabe, nasi tuko hapa."

Kisha akanihesabia. Matatu hadi Flyover, na nyingine hadi Kijabe, kwenda na kurudi, ni shilingi 600. Siku hiyo hafanyi kibarua, kwa hiyo amepoteza 250. Nyumbani wako watoto wengine wawili wanaotaka kula. Safari tatu za kwanza alikopa. Ya nne hakupata wa kumkopesha, na plasta zikawa zinambana mtoto, kwa kuwa alikuwa akikua.

Niliondoka pale bila kulitamka karipio nililokuja nalo. Kesho yake asubuhi nilisimama penye mizani ile ile, nikawaambia watu kwamba nimemsingizia mama yule, na ya kuwa kosa ni la kamati yetu, nami ndimi mweka hazina wake. Watu 22 wakakubali nikate katika malipo yao thamani ya lita moja ya maziwa kila juma. Nauli ikapatikana, na unga wa wale waliobaki nyumbani pia.

Matibabu yakaanza upya mwezi wa Oktoba. Mtoto alifungwa plasta mara sita, kisha daktari akakata kidogo ukano wa kisigino, akamfunga plasta ya mwisho kwa majuma matatu. Baadaye akapewa viatu vilivyounganishwa kwa upau, avivae usiku na mchana kwa miezi mitatu, kisha wakati wa kulala tu, mpaka atimize umri wa miaka minne hivi.

Hapo ndipo jaribu lilipokuwa. Mwaka 2015 mtoto alikuwa amekwisha kutembea vizuri, na wengi wakauliza, mchango wa nini tena? Mimi mwenyewe nilikuwa nimechoka kuandika hesabu ile. Lakini daktari alituonya kwamba viatu vikiachwa mapema nyayo hurudi zilikotoka, na kila mtoto akuapo hutaka viatu vikubwa zaidi. Tukapunguza mchango uwe wa mwezi badala ya juma. Walibaki watu 14, nao wakaendelea mpaka mwaka 2017.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya kukodi hema, mwulizeni mama wa mtoto maswali haya: safari ni ngapi? Nauli ya kila safari ni kiasi gani? Nani atawalisha wanaobaki nyumbani? Matibabu yatachukua miaka mingapi? Andikeni majibu yake, kisha ndipo mjue mnachanga fedha za nini na kwa muda gani. Makofi ya siku moja hayamfikishi mtoto hospitalini juma la nne.

Leo mvulana yule hubeba mtungi wa maziwa wa jirani mpaka kwenye mizani yangu kabla ya kwenda shule, tena aghalabu huja mbio. Mama yake hajanikumbusha hata mara moja maneno niliyoyasema pale. Mimi nayakumbuka.