Bustani ya Uani Penye Maji ya Chumvi

Kuna maneno husemwa kwamba sisi watu wa Gazi tuna bahari mbele na minazi nyuma, basi mboga ni ya kununua kwa wenye mashamba. Maneno haya siyakubali hata kidogo. Nyumbani kwetu tumelima mboga uani miaka nenda miaka rudi. Katika makala haya nataka nikueleze, mpenzi msomaji, jinsi bustani ndogo inavyotunzwa mahali penye mchanga mwingi, jua kali na kisima cha maji ya chumvichumvi. Haya si ya kusoma vitabuni tu. Ni mambo ambayo nusura yatukoseshe bustani yenyewe.

Kwa msomaji ambaye hajafika kwetu, Gazi ni kijiji cha Msambweni, katika Kaunti ya Kwale, yapata kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Wapenzi wa historia watakumbuka kwamba hapa ndipo palipokuwa makao ya Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896. Siku hizi kijiji kinajulikana zaidi kwa mikoko. Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, hulinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni. Pesa zake zimesaidia maji na shule za kijiji. Mwaka 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta.

Nimeitaja mikoko kwa sababu inatufundisha jambo la bustani. Ukienda ufuoni, chuma jani la mchu uliweke ulimini. Utaonja chumvi. Mchu hunywa maji ya bahari kisha huitoa chumvi kupitia majani yake. Mkoko wenyewe una ufundi mwingine, huizuia sehemu kubwa ya chumvi mizizini isipande juu. Sasa mchicha na bamia havina ufundi huo. Ukivinywesha chumvi, havina pa kuitemea. Jani huungua pembeni likawa la kahawia, mmea hudumaa, mwisho hufa huku udongo ukiwa umelowa. Mtu asiyejua husema, "Nimemwagilia kila siku na bado umekauka!" Kumbe mmea umekufa kwa kiu ilhali umesimama majini.

Bustani yetu ni ya bibi yangu, mzaa baba. Ni mahali padogo tu nyuma ya nyumba, hatua kumi na mbili kwa hatua kumi. Baba ni mvuvi, na kila mtu wa pwani anajua kwamba kusi ikivuma bahari huchafuka, chombo kidogo hakithubutu kuvuka mwamba. Miezi hiyo samaki ni wa kubahatisha. Basi sufuria yetu hutegemea uani: mchicha, kunde, majani ya maboga, bamia, na mchunga unaoota wenyewe bila kuombwa.

Ukaja ukame. Tarehe 8 Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la taifa, na Kwale ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia. Mwaka 2022 nao haukuwa na nafuu. Mvua isiponyesha, visima vya pwani huharibika kwa sababu moja. Chini ya ardhi yetu maji matamu ya mvua huelea juu ya maji ya chumvi, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Yale ya juu yakipungua na watu wakizidi kuteka, yale ya chini hupanda. Kisima chetu kikawa cha kufulia na kuogea tu. Bustani ikageuka manjano, kisha kahawia.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 Mama alitoa shauri. Alisema kwa adabu, lakini alisema: "Mama, pale uani tupajenge chumba cha kupangisha. Kodi itaingia kila mwezi. Bustani sasa inakunywa maji tu." Bibi alinyamaza kitambo, akajibu: "Mwanangu, chumba hakiliwi. Mpangaji akihama utachemsha ukuta?" Baba akaangalia chini. Mimi nilikuwa darasa la nane, nikaona niombe ruhusa kusema. Nikasema tusikate shauri kwa maneno, tukate kwa hesabu. Nipewe daftari, niandike kila siku tutakayokula mboga ya uani, na thamani yake dukani. Mama akakubali. Bibi akanicheka, akasema, "Haya, mume wangu, leta hiyo kalamu yako tuone kama inaota." (Wenye mabibi wa Kidigo wanaujua utani huu.)

Hapo ndipo tulipoanza kulima kwa akili zaidi. Nayaeleza tuliyoyafanya moja baada ya jingine, nawe ukipenda uyajaribu kwenu.

Kwanza, yajue maji yako. Chukua makopo mawili yaliyotobolewa chini, yatie mchanga ule ule, panda kunde tano tano. Kopo moja limwagilie maji ya mvua au ya mfereji, jingine maji ya kisima. Ngoja wiki mbili. Ukiona za kisimani zimechelewa kuota, au zimeungua ncha za majani, umepata jibu bila kwenda maabara.

Pili, chagua mmea unaostahimili. Maharagwe, karoti, vitunguu na jamii ya ndimu na machungwa havipatani na chumvi. Usijitese navyo kama maji yako ni mabaya. Mnazi na mtende ni mashujaa. Spinachi hustahimili vizuri. Mchicha na kunde ziko katikati, zitavumilia chumvi kidogo zikitunzwa. Mmea unaoupenda sana lakini hauwezi chumvi, upande kwenye ndoo kuukuu iliyotobolewa, uwekee maji ya mvua peke yake. Bibi amefanya hivyo na mrehani wake na asumini, maana hataki kusikia nyumba isiyonukia.

Tatu, mwagilia, usinyunyize. Hapa wengi hukosea njia. Anayenyunyiza kidogo kidogo kila siku hulowesha ngozi ya udongo tu. Jua linayanyonya maji, chumvi inabaki, na baada ya muda utaona ukoga mweupe juu ya mchanga. Afadhali umwagilie maji mengi kwa mara moja, siku kadhaa katika wiki, ili maji yaisukume chumvi chini ya mizizi. Mchanga wetu una sifa hiyo nzuri, haung'ang'anii chumvi. Maji yaende shinani, yasiguse majani, kwa kuwa tone la chumvi likikaukia juu ya jani huliunguza. Wakati mzuri ni alfajiri au baada ya alasiri jua likipoa. Na ukiteka kisimani, teka taratibu, kidogo asubuhi na kidogo jioni. Ukikikomba kisima kwa pupa unayaita maji ya chumvi yapande.

Nne, ulishe mchanga. Mchanga mtupu ni kama chujio, maji hupita yakaenda zake. Tulichimba mitaro midogo, tukatandika makumbi ya nazi chini, tumbo likiangalia juu, ndipo tukarudishia mchanga uliochanganywa na mboji. Makumbi hushika maji kama sifongo. Mboji yetu ni maganda ya mhogo, machicha ya nazi, majani makavu na samadi ya mbuzi iliyokaa miezi. Samadi mbichi huunguza, na ya kuku ndiyo kali zaidi, isubiri ioze. Mwani unaotupwa ufuoni pia ni mbolea, ila uache kwanza unyeshewe na mvua uoshe chumvi. Kuhusu majivu, nawasihi mtumie kwa kiasi. Mahali penye mawe ya matumbawe udongo tayari una chokaa nyingi. Ukiona jani la ndimu limekuwa manjano huku mishipa yake ni ya kijani, mmea unakosa madini ya chuma kwa sababu ya chokaa hiyo, na majivu yatauzidishia shida. Uongezee mboji.

Tano, funika udongo na umpe mtoto kivuli. Majani makavu, nyasi au makuti yaliyochakaa yakitandazwa kuzunguka mmea huzuia jua kunyonya maji. Miche michanga tuliijengea kichanja kifupi cha makuti wakati wa kaskazi, maana jua la Februari halina huruma. Kwa ua wa kuzuia kuku tulitumia vijiti vya mbaazi na makuti. Hatukukata mikoko, kwani hekta zile zina wenyewe, na wenyewe ni sisi.

Sita, panda kwa majira. Mbegu za mchicha ni ndogo kama vumbi, zichanganye na mchanga mkavu ndipo umwage, zisirundikane. Zifunike kwa mchanga mwembamba tu. Masika ikimiminika mwezi wa Mei, inua matuta, la sivyo mbegu zitasafiri hadi kwa jirani. Mchicha usiung'oe. Ukate ukiacha kama upana wa kiganja, utachipua tena. Bamia loweka usiku mmoja kabla ya kupanda, na likizaa lichume lingali laini, kila baada ya siku mbili. Ukiliacha likomae mti hudhani kazi yake imekwisha, huacha kuzaa. Mpapai panda miche mitatu shimo moja, ngoja maua, kisha ung'oe madume. Dume mmoja hutosha majike mengi.

Saba, wadudu. Kunde zikishikwa na vidukari, chuma konzi kadhaa za majani ya mwarobaini, twanga, loweka usiku kucha katika maji lita tano, chuja, tia kipande kidogo cha sabuni ya kufulia ili dawa ishike, kisha nyunyizia chini ya majani. Fanya jioni, kwa sababu jua huiharibu dawa hiyo. Kabla ya kupika, osha mboga vizuri.

Sasa turudi kwenye daftari. Miezi mitatu ya kusi mwaka 2023, Mei hadi Julai, tulikula mboga ya uani siku 51. Kwa shilingi 40 kwa siku, hizo ni shilingi 2,040 ambazo hazikutoka mfukoni mwa Baba, tena katika miezi ambayo mfuko wenyewe ulikuwa mwepesi. Lakini sikuficha upande wa pili. Kaskazi iliyofuata, Januari hadi Machi 2024, siku zilikuwa 19 tu, yaani shilingi 760. Maji yalitushinda.

Mama alilisoma daftari lote, ukurasa kwa ukurasa. Akasema, "Kusi bustani imetulisha, kaskazi imetuangusha. Wote wawili mna haki." Shauri likawa hivi: nusu ya uani ijengwe chumba, nusu ibaki kwa Bibi. Bibi hakufurahi. Siku fundi alipochimba msingi hakutoka nje hata kunywa chai.

Chumba kilipoezekwa mabati ndipo nilipomwonyesha jambo. Kina mita tatu kwa mita nne, yaani mita 12 za mraba. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Kwa hiyo mvua ya milimita kumi, ambayo kwetu ni manyunyu ya usiku mmoja tu, huleta hadi lita 120, mitungi sita ya lita ishirini! Paa letu la zamani ni la makuti, halikuwa likitupa hata ndoo. Baba akafunga mfereji wa bati ukingoni, akaweka mapipa mawili yenye vifuniko ili mbu wasizaliane. Maji ya mapipa tunayachanganya na ya kisima nusu kwa nusu, na miche michanga hunywa ya mvua peke yake. Kaskazi ya mwaka 2025, katika nusu ya uani, tulichuma siku 34.

Sidai kwamba bustani itamtajirisha mtu. Kodi ya chumba ni kubwa kuliko mchicha, na Bibi hulijua hilo ingawa hawezi kulitamka. Lakini kodi huja mwisho wa mwezi, na njaa ya jioni haisubiri mwisho wa mwezi. Chururu si ndo ndo ndo, walisema wahenga. Maji yanayodondoka pia hujaza pipa.

Basi, ndugu zangu, wewe uliye na kopo, ndoo kuukuu na konzi ya mbegu, anza leo. Usingoje shamba. Na ukianza, weka daftari, maana siku likija swali la kubomoa au kubakisha, mwenye hesabu husikilizwa hata akiwa mdogo. Mpangaji wetu amekwisha kuniomba mbegu za mchicha. Bibi ndiye aliyempimia, kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia asinyunyize, amwagilie.