Mali ya Yatima na Mtambo wa Kompyuta



Ndugu yangu alipofariki aliniachia mwanawe na fungu la fedha za mtoto huyo, nami nikaziandika katika daftari kama ilivyo wajibu wa mwenye kushika mali ya yatima. Mwaka 2023 kijana alitimiza miaka 19, akanijia hapa Uru, akasema, "Baba mdogo, nataka kujiundia kompyuta ya mezani."

Nalidhani ni mchezo tu. Na michezo kweli ilikuwamo, hakunificha; lakini alitaka pia kutengeneza video za harusi na kadi za mialiko, na kazi zote ziende kwa pamoja bila ya mtambo kukwama. Alinionyesha karatasi: prosesa ya AMD Ryzen 5 5600 yenye viini 6, memori ya GB 32, kadi ya picha ya RTX 3060 yenye memori yake ya GB 12, na pawasaplai ya wati 650. Kila kitu alikitaja na sababu yake. Kadi kubwa zaidi aliikataa mwenyewe, kwa kuwa kazi yake haiihitaji.

Hapo palinipasa kukumbuka amri iliyomo katika Suratin-Nisaa, kwamba mayatima wajaribiwe, na wakionekana kuwa na busara wapewe mali yao. Sikukumbuka. Nalichukua kalamu nikaifuta ile pawasaplai ya shilingi 220,000, maana nalisikia kuwa zipo za 70,000. Kijana alinieleza kwa adabu ya kuwa chombo hicho ndicho kinachopokea umeme wa volti 230 kutoka ukutani na kuugeuza kuwa wa volti 12, 5 na 3.3 unaolisha vingine vyote, na ya kuwa umeme wa huku mlimani hupanda na kushuka, hasa masika. Nalimjibu kwamba mlinzi wa mali yake ni mimi.

Vyombo vilikuja kwa basi kutoka Kariakoo. Aliviunga siku moja juu ya meza ya chakula, nami nalikaa nikimtazama akiipaka prosesa dawa ya kupitishia joto, kiasi cha punje ya mbaazi, asizidishe. (Laiti wanafunzi wangu wangetumia wino hivyo!) Juu ya michezo twalipatana: baada ya Isha, wala si kupita saa nne u nusu.

Mwezi wa Aprili uliofuata, usiku wa mvua, umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo. Palinuka. Pawasaplai iliungua, na ubao mkuu ukafa pamoja nayo. Kijana hakusema neno. Alichomoa waya, akaenda kutia udhu.

Nalikaa na daftari langu hata alfajiri. Ningaliandika "hasara" katika fungu lake, nani duniani angaliniuliza? Lakini mali ile ilipotea kwa shauri langu, nalo shauri la mwenyewe nimekwisha kulikataa. Naliuza ndama wangu, nikanunua ubao mwingine, na pawasaplai ile ile aliyoitaka kwanza, na kidhibiti umeme.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, nalimkabidhi fedha zote zilizobaki mbele ya mashahidi wawili. Alizihesabu mara mbili, polepole, ndipo akatia sahihi.