Hesabu ya Watoto 16

Usa River, Jumapili jioni

Mpwa mpendwa,

Karatasi yako ya hesabu ya kufuga mbwa imefika. Mjomba wako ameisoma mara 2, ya kwanza akiwa amesimama mlangoni mwa banda, ya pili akiwa mezani na miwani. Jike 1, watoto 8 kila uzao, mara 2 kwa mwaka, jumla 16. Zidisha kwa bei ya German Shepherd uliyoisikia mjini, na mwaka wa tatu unanunua gari. Kuzidisha umezidisha sawasawa. Ila umepiga hesabu ya mwaka mzima bila kuweka humo hata Jumanne moja. Kwa hiyo, kabla hujaita fundi wa matofali, mjomba wako anakupitisha bandani uone siku inavyokwenda.

Barua yenyewe itakatikakatika. Malkia, yule jike mweusi uliyempiga picha Pasaka, leo yuko siku ya 61 tangu apandwe, na mimba ya mbwa ni siku 63, ikizidi au ikipungua kidogo. Saa 12 jioni kipimajoto kimesoma 38.1. Jike akikaribia kuzaa, joto la mwili hushuka kwa karibu digrii nzima, likaenda chini ya 37.2, na watoto hufuata ndani ya siku moja. Kipimo kingine ni saa 3.

Siku huanza saa 11 na nusu alfajiri. Mgeni hudhani kazi ya kwanza ni kulisha. Kazi ya kwanza ni kupita kila kizimba na tochi na daftari, ufagio ukiwa bado umeegemea ukuta, maana uchafu wa usiku ndio habari ya asubuhi. Nani kaharisha, nani katapika, bakuli la nani limebaki na maji kama lilivyoachwa jana. Mbwa ambaye kila siku huurukia wavu, leo kabaki kona na kidevu juu ya miguu, huyo hutazamwa mdomo kabla ya wengine. Ufizi ukiwa umepauka na mkojo una rangi ya kahawa, huenda kupe wamemwachia babesia kwenye damu, na daktari wa mifugo hupigiwa simu kabla ya chai.

Kupe wenyewe usiwatafute juu ya mbwa tu. Kupe wa kahawia wa mbwa anapenda nyumba. Jike akishashiba damu hujiachia, akapanda ukutani, akaingia kwenye ufa na kutaga humo mayai kwa maelfu. Mjomba wako aliwahi kuogesha mbwa kwa dawa miezi 4 mfululizo na kupe wasiishe, mpaka fundi aliyekuja kwa shughuli nyingine kabisa alipopitisha ncha ya mwiko kwenye ufa wa tofali, wakamwagika kama kunde. Kuanzia wiki ile saruji ikawa sehemu ya dawa.

Usafi nao una somo lililolipiwa. Miaka kadhaa nyuma alikuja mnunuzi, mtu wa heshima zake, akitoka kuangalia watoto wa mbwa mahali pengine. Mjomba wako, kwa tamaa ya kuuza, akamfungulia mpaka ndani ya chumba cha watoto, na viatu vyake. Siku ya 6 mtoto mmoja akakataa uji asubuhi, jioni akatapika, usiku akaharisha damu yenye harufu ambayo ukiinusa mara moja utaitambua maisha yako yote. Walikuwa watoto 7. Wiki ilipoisha walibaki 2. Hiyo ilikuwa parvo, kirusi kilichojitokeza kwa mbwa mnamo 1978 na kuzunguka dunia kwa muda mfupi. Hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata kupita mwaka, na zile dawa za kunukia zinazogeuza maji kuwa meupe hakiziogopi. Kinaiogopa jiki: sehemu 1 kwa maji sehemu 30, ikae dakika 10, na sakafu iwe imekwisha kusuguliwa kwa sabuni, kwa sababu jiki ikikuta kinyesi huishia kwenye kinyesi. Siku hizi mgeni huvalishwa buti za hapa hapa, na watoto huwaona kupitia wavuni. Wapo wanaojiona wamedharauliwa, wakawasha gari na kuondoka.

Maji hayo ya kuoshea yaende wapi? Hapa majirani wananywesha migomba kwa mfereji unaoshuka kutoka mlimani, na jirani wa bondeni ni ustadhi anayechota humo maji ya kutawadha. Kwake mate ya mbwa ni najisi, chombo kikirambwa kinaoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Mjomba wako hakungoja kulalamikiwa. Alichimba shimo la maji machafu upande wa pili wa kiwanja, akaenda kumwonyesha jirani kabla ya kulifunika. Wewe kwenu mfereji unapita katikati ya shamba. Anza na shimo, banda lifuate.

Saa 3 usiku. Kipimajoto 37.9. Malkia ameacha chakula, lakini amelala kwa utulivu. Tuendelee.

Chakula. Umeandika “pumba na dagaa, bei rahisi”. Dagaa sawa, utumbo na mapafu ya kuchemsha sawa, mifupa iliyopikwa hapana, kwa sababu hupasuka vipande vikali kama vigae. Pumba ndizo za kutazamwa. Mahindi yaliyovunwa na mvua na kuanikwa kwa haraka huota ukungu wenye sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliwadhuru watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, wakafa 20, na ini la mbwa ni dhaifu zaidi mbele ya sumu hiyo kuliko la wanyama wengi wa nyumbani. Mtu akikuuzia gunia kwa nusu ya bei akisema “haya ni ya mbwa tu”, jiulize kwa nini hakuwapa kuku wake.

Sasa turudi kwenye 16 yako. Mbwa jike wengi huingia joto kila baada ya miezi 6 mpaka 8. Yule Basenji wa misitu ya Kongo, asiyebweka kama wenzake, huingia mara 1 tu kwa mwaka. Kuingia joto hakumaanishi kwamba apandwe. Kwenye joto la kwanza bado ni mtoto anayekua. Halafu kuna nyonga. German Shepherd hurithi ubovu wa nyonga, fupa la paja likawa halikai vizuri kwenye tundu lake, na mbwa wa miaka 5 akaamka kama mzee wa miaka 80. Huwezi kuuona kwa macho akiwa kijana. Inatakiwa picha ya eksirei, na Wamarekani, kupitia taasisi yao ya OFA iliyoanza 1966, hawatoi cheti cha nyonga mpaka mbwa afikishe miezi 24. Kapteni Max von Stephanitz, aliyeanzisha chama cha mbwa hawa Ujerumani mwaka 1899, alitaka mbwa wa kuzunguka na kondoo kutwa. Mteja wa leo anauliza mgongo umeinama kiasi gani.

Basi piga upya: miaka 2 ya kulisha bila kuuza, kisha uzao 1 kwa mwaka ili mama apate kupumzika. Uzao wa mwisho wa Malkia walizaliwa 6, wakauzwa 5. Daftari lipo, utalisoma mwenyewe.

Na huyo wa sita? Kila mtoto akizaliwa hufungwa uzi wa rangi yake shingoni na kupimwa kwenye mizani ndogo ya jikoni, asubuhi na jioni. Mtoto mzima huongeza uzito mara 2 ndani ya siku 7 mpaka 10. Yule wa uzi wa njano alizaliwa na gramu 410. Kesho yake 396. Wenzake walikuwa wanapanda, na kwa macho alionekana kama wao, mnene, mweusi, analia kwa nguvu. Siku ya pili 381. Alipofunguliwa mdomo kwa kidole, kaakaa lilikuwa na mwanya mwembamba unaoingia ndani. Maziwa yalikuwa yanapandia puani. Daktari alikuja siku hiyo hiyo, akamlaza usingizi asiteseke. Bila mizani angekufa njaa polepole katikati ya ndugu zake walioshiba, na mjomba wako angesema “kafa tu”. Fungua midomo yote saa ya kwanza, usingoje siku ya pili kama alivyongoja yeye.

Watoto huzaliwa hawaoni wala hawasikii, na hawawezi kujipasha moto. Wiki ya kwanza sanduku lao linatakiwa liwe na joto la digrii 29 mpaka 32, wakati usiku wa Julai huku chini ya Meru mtu mzima analala na blanketi 2. Taa ya joto ni nzuri mpaka umeme ukatike. Jiko la mkaa usiliingize humo hata dakika 5, moshi wake usioonekana unaua mama na watoto pamoja. Hapa hutumika chupa za maji ya moto zilizoviringishwa kitenge, zikibadilishwa kila zinapopoa. Ndiyo maana binamu zako huonekana wamelala kanisani.

Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14, na hapo kazi inabadilika. Scott na Fuller, waliochunguza mbwa huko Bar Harbor, Maine, na kuchapisha kazi yao mwaka 1965, walionyesha kwamba wiki ya 3 mpaka ya 12 ndiyo mtoto wa mbwa anajifunza nani ni mwenzake na kipi si cha kuogopa. Umetaja kwenye barua yako kituo cha African Wildlife Foundation hapa Usa River, ambacho tangu 2014 kinafundisha mbwa kunusa pembe za ndovu na magamba ya kakakuona, ukauliza kama wangenunua kwako. Hilo waulize wao. Ila jua kwamba pua nzuri haisaidii kama mbwa anaogopa sakafu inayoteleza. Kwa hiyo humu watoto hutembezwa juu ya bati, turubai na kokoto, bodaboda huwashwa karibu nao, sufuria huangushwa, na watoto wa jirani wanaoruhusiwa na wazazi wao huja kukaa nao.

Hapo ndipo utakapogombana na wateja. Wengi wanataka mtoto wa wiki 5 “ili amzoee bosi wake”. Wa wiki 5 bado anafundishwa na mama na ndugu zake asing'ate kwa nguvu. Hatoki hapa kabla ya wiki 8, akiwa amekunywa dawa ya minyoo kuanzia wiki ya 2, amechomwa chanjo ya kwanza ya parvo, na kadi yake ina tarehe ya chanjo ya kichaa cha mbwa akifika miezi 3. Tarehe hiyo mjomba wako hupiga simu. Karibu vifo vyote vya binadamu vitokanavyo na kichaa hicho huanzia kwenye meno ya mbwa, na dalili zikishatokea hospitali haina la kufanya. Wewe na kibarua wako mchanjwe kabla ya kununua mbwa wa kwanza. Mkiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha muende hospitali, si kwa rafiki mwenye duka la dawa.

Kinacholipa ada za shule hapa si watoto wa mbwa, ni wageni. Disemba ikiingia, Wachaga wa Arusha wanafunga nyumba wanakwenda Rombo, Machame na Marangu, na mbwa wanabaki. Mwaka jana walilala hapa 14 kwa pamoja. Masharti ni yale yale kila mwaka: kadi ya chanjo, jike mwenye joto hapokelewi, chakula cha kwao kije naye maana kubadilisha ghafla huharisha, na namba ya mtu anayeweza kuamua kuhusu matibabu saa 8 usiku. Mbwa mmoja, Popi, alikataa kula siku 2. Alijaribiwa nyama, maini, uji wa maziwa. Siku ya 3 mwenyewe alipopigiwa simu akacheka: Popi hajawahi kula kwenye bakuli, hula kwenye mfuniko wa sufuria. Ukaletwa mfuniko. Akala mpaka ukazunguka sakafuni kama sahani ya muziki. Siku hizi fomu ina swali hilo.

Mwingine aliletwa Krismasi kwa wiki 1, na mwenye namba hakupokea simu tena. Ndiye anayebweka ukifika getini. Weka kwenye mkataba siku ambazo mbwa akizipita utakuwa na haki ya kumtafutia nyumba, na usaini mbele ya mtendaji wa kijiji.

Saa 5 na robo. 37.0. Malkia anachakura magazeti kwenye kona na anatweta. Shangazi yako ameshaweka maji jikoni, nyuzi 8 za rangi ziko mezani, na mizani imewekwa betri mpya. Njoo Ijumaa, ulale hapa wiki 2 za mwanzo. Viatu viache getini, buti namba 42 zipo.

Mjomba wako