Kaniha kwa Gari la Viti Viwili

Ndugu msomaji, ikiwa hujapata kufika Kaniha, usijilaumu. Wasafiri wengi wa mkoa wa Kagera huenda Bukoba kutazama ziwa, au hupita Ngara wakielekea daraja la Rusumo na nchi jirani. Kaniha imo katika ukanda ule wa Ngara na Biharamulo ambao abiria wa basi huupita akiwa amesinzia, na akizinduka huona miti tu, kisha migomba, kisha miti tena. Mimi naujua kwa sababu dada yangu aliolewa huko, na kila nikienda nasikia mambo ambayo sikuyasikia safari iliyotangulia.

Safari hii sikwenda kwa basi. Nilikwenda kwa gari dogo la michezo la Kijerumani, mali ya mpwa wangu, na ningependa nikusimulie yaliyotupata, maana vijana wetu wengi siku hizi wanayatamani magari ya namna hiyo, na wazazi hawajui la kuwaambia. Jina la kiwanda sitalitaja. Gari lenyewe lilikwisha kutumiwa miaka mingi Uingereza kabla ya kushushwa Dar es Salaam, wala si haki kukihukumu kiwanda kizima kwa gari moja lililochoka.

Tuliondoka Mwanza alfajiri. Mtu aliyezoea kupanga foleni ya kivuko pale Kigongo atafurahi kusikia kwamba tangu mwaka 2025 daraja la kilomita 3 limeunganisha Kigongo na Busisi, na mahali ulipokuwa ukinunua samaki wa kukaanga huku ukingoja zamu yako, sasa unapita kwa dakika chache. Hapo ndipo nilipoanza kulielewa gari lile. Lilikwenda kama limebandikwa barabarani. Kwenye kona za Sengerema halikulala upande kama yafanyavyo magari yetu marefu. Usukani ukiguswa kidogo, nalo hugeuka kidogo, kadiri hiyo hiyo. Mpwa wangu alitabasamu bila kuniambia kitu, nami nikakiri moyoni kwamba kuna raha ambayo sikuwa nimeijua.

Lakini baada ya Geita yakaja matuta. Barabara zetu kuu zina matuta kila penye kijiji, na kwa usalama wa watoto ni lazima yawepo. Gari la kawaida hupunguza mwendo likavuka. Hili letu tumbo lake liko sentimita 13 tu kutoka ardhini, kwa hiyo kila tuta lilikuwa shauri: mpwa wangu alisimama kabisa, akalivuka kwa mshazari, gurudumu moja moja, huku amekunja uso kama anayekanyaga miiba. Nyuma yetu malori yaendayo Rwanda na Burundi yalipiga honi. Mara mbili tulisikia sauti ya chuma ikikwaruza lami, na mara zote mbili alinyamaza muda mrefu.

Usidhani kwamba Mjerumani hajui barabara za Afrika. Gari la kwanza kuvuka bara hili lilianzia safari yake Dar es Salaam, Agosti 1907, likiendeshwa na ofisa wa Kijerumani aliyeitwa Paul Graetz. Alifika Swakopmund, kwenye pwani ya Atlantiki, Mei 1909. Baadaye yakaja mashindano ya Safari yaliyoanza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Miaka ya 1954, 1957 na 1962 mshindi alitumia Volkswagen, ile ndogo yenye mgongo wa kobe ambayo wazee wetu wengi walijifunzia kuendesha. Injini yake ilikuwa nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, nayo ilipozwa kwa upepo, hivyo hapakuwa na rejeta ya kutoboka wala maji ya kuchemka.

Volkswagen hiyo ilibuniwa na Ferdinand Porsche, na magari ya michezo yenye jina lake yaliurithi mpango ule ule wa injini ya nyuma inayopozwa kwa upepo. Nayo yaliletwa Safari. Mwaka 1972 Porsche ilishika nafasi ya pili. Mwaka 1974 ikashika tena nafasi ya pili, nyuma ya Joginder Singh wa Kenya na Mitsubishi yake. Mwaka 1978 ikawa ya pili kwa mara ya tatu, safari hii ikiendeshwa na Vic Preston mdogo, ambaye baba yake ndiye aliyeshinda mwaka 1954 kwa Volkswagen. Baba alishinda kwa gari la bei nafuu, mwana akakosa kwa gari la fahari! Ilibidi kungoja mashindano ya magari ya zamani, mwaka 2011, ndipo Björn Waldegård wa Sweden, aliyekuwa wa pili mwaka 1974, akashinda kwa Porsche akiwa na mwanawe kando yake akimsomea njia.

Mambo haya nilimsimulia mpwa wangu tulipokuwa tunaingia Biharamulo, mahali penye boma ambalo Wajerumani walilijenga mwanzoni mwa karne ya 20. Nilidhani yatamfariji. Alinijibu, "Mjomba, hao waliyainua magari yao, wakayafunga vyuma chini ya tumbo, na mafundi wakawafuata kwa ndege. Mimi nina wewe tu."

Sijakuambia bado tulikuwa tunafuata nini. Dada yangu alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na hospitali moja ya Mwanza ilikuwa imempangia siku ya kupasuliwa. Kijana alisema atamfuata mama yake mwenyewe kwa gari lake mwenyewe. Nyuma ya maneno hayo palikuwa na jambo. Miaka 3 kabla ya hapo dada aliuza ng'ombe 4 ili mwanawe anunue gari la abiria lifanye kazi barabarani. Kijana akafika Dar es Salaam, akaliona gari hili jekundu, na akili ikamtoka. Tangu siku hiyo hakuwa amekanyaga nyumbani. Kila mwezi alituma fedha, lakini mwenyewe hakwenda, na mama yake hakumwita.

Kutoka Biharamulo njia inaelekea Lusahunga katikati ya misitu. Kwa miaka mingi mabasi yalikwenda hapa kwa msafara, yakisindikizwa na polisi wenye bunduki kwa ajili ya majambazi, na hata leo mtu mzima akiingia katika miti ile huacha kuzungumza. Nasi tulinyamaza. Nyani walikaa kandokando ya lami wakilitazama gari letu, na nadhani kwao lilikuwa la kimo cha kufaa.

Tulipoiacha lami, mvua za vuli zilikuwa zimekwisha kuanza. Ewe mwenye gari kama hili, nakuomba usikilize. Udongo mwekundu wa Kaniha ukilowa huteleza kama sabuni, na malori ya mahindi huchimba mifereji miwili yenye tuta katikati. Gari refu huliruka tuta hilo. Gari fupi hulikalia. Hatukuwa tumekwenda mbali lilipokaa, magurudumu yakazunguka bure, na tairi moja, ambalo ukuta wake ni mwembamba kama vidole vitatu, likapasuka kwenye jiwe. Gurudumu la akiba hakuna. Waliolitengeneza waliweka pampu ndogo na kopo la gundi, na gundi haizibi mpasuko wa urefu wa kidole.

Vijana wa Kaniha walikuja bila kuitwa. Nilihesabu 11. Waliliinua gari lile, wakaligeuza lielekee lilikotoka, wakalisukuma hadi kwenye lami wakiimba, huku mmoja wao akichukua tairi kwa pikipiki kwenda kutafuta jingine. Walicheka, ndiyo, lakini si kwa ubaya. Mpwa wangu alitembea nyuma yao na viatu vyake mkononi. Nikaona heri nisimsemeshe.

Nyumbani tulifika kwa miguu, magoti yetu yakiwa mekundu. Dada alikuwa amekaa barazani. Macho yake hayakutuona, lakini alimtambua mwanawe kwa hatua zake, akasema, "Umekuja." Kijana alipiga goti, akaamkia, wala hakuinuka. Usiku ule sikusikia neno la ng'ombe. Nilisikia habari za maharage, za kiangazi kilichopita, za jirani aliyehamia kutoka Shinyanga na mifugo yake. Mwana na mama walikaa jikoni hadi moto ukazimika.

Asubuhi dada alipanda pikipiki, amejifunga kanga mbili, mwanawe akitembea kando amemshika mkono, hadi lilipokuwa gari. Tairi lilikuwa limepatikana, kubwa kuliko wenzake, hivyo gari lilisimama upande kama mtu mwenye kibyongo. Dada alilipapasa. Alianzia kwenye taa, akapita boneti, akapita mlango, akafika paa, ambalo lilimfika kifuani. Akauliza, "Ng'ombe wote wanne wameingia humu?"

Kijana akasema, "Ndiyo, mama."

"Basi walikuwa wadogo," akasema dada, akaomba afunguliwe mlango.

Kuingia kwenye gari hilo ni kazi kwa mtu wa miaka 68. Anaketi kwanza nje nje, kisha anajiachia kama anayekaa kwenye mkeka, kisha miguu inafuata. Lakini alipokwisha kukaa, kiti kilimshika mgongo vizuri, akasema hajapata kukaa hivyo katika basi lolote, nami naamini hakuwa akimpendeza mtu. Gari hilo lina kiti cha nyuma kwa jina tu. Mtoto wa darasa la pili atakaa huko kwa kukunja shingo. Mimi nilikuja nimekaa mbele, na mbele sasa palikuwa na mwenyewe.

Kijana alisema ameshapata mnunuzi huko Mwanza, na fedha hizo zitapata Hiace iliyotumika. Mama yake akamwambia asiuze kabla hajaliona.

Waliondoka polepole, wakivuta upande wa lile tairi kubwa. Kwenye kiti cha nyuma, badala yangu, waliweka kiroba cha maharage kwa ajili ya wauguzi. Nilisimama kando ya lami na begi langu hadi saa tano, basi la Mwanza lilipokuja, nami nikapata nafasi karibu na mlango.